Pascalia na Njia ya Fedha za Hija

Pascalia Khasandi hakumwahidi mtu yeyote kwamba fedha zake zitarudi. Kila aliyeingia katika chumba chake nyuma ya duka la dawa za mifugo, mtaani Amalemba mjini Kakamega, aliambiwa hivyo kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Nitakuonyesha zilikopita na zilikofika," alikuwa akisema. "Kuzirudisha si kazi yangu. Na ukimpata mtu anayekuambia atakurudishia ukimtumia kitu kidogo kwanza, huyo anataka kukuibia mara ya pili."

Wengine waliinuka wakaenda zao wamekasirika. Waliobaki walikuwa watu wenye aibu, waliozungumza wakitazama sakafu. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliwahi kulia mbele yake kama mtoto, kisha akamsihi asimwambie mkewe, na mkewe alikuwa nje kwenye benchi akimsubiri.

Kazi hiyo Pascalia hakuisomea. Chuoni alisomea uhasibu, akahitimu, akazunguka na vyeti vyake ofisi hadi ofisi mpaka bahasha ikachakaa. Kisha akapata kibarua cha kompyuta kutoka kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikifuatilia sarafu za kripto zilizoibwa. Kampuni ilihitaji watu wa kutazama anwani za sarafu hizo, moja baada ya nyingine, na kuzibandika alama: hii ni ya soko la kubadilishia sarafu, hii ni ya kamari, hii ni ya matapeli. Aliifanya miaka minne akiwa nyumbani, binti yake akicheza chini ya meza. Asubuhi moja nywila yake ilikataa. Hakuna aliyempigia simu kumweleza. Baadaye alisikia kwamba kampuni ilikuwa imepata programu ya kuifanya kazi ile. Akabaki na ujuzi ambao mjini hapakuwa na mtu wa kuuulizia, mpaka matapeli nao walipofika.

Zeituni alikuja mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko Ekero, karibu na Mumias, na buibui lake lilikuwa limelowa hadi magotini.

"Assalamu alaikum," akasema mlangoni, kisha akasita. "Hamjambo hapa."

"Hatujambo. Ingia dada, usinyeshewe."

Pascalia akaanza maneno yake ya kila siku, kwamba yeye hamrudishii mtu pesa. Zeituni akamkatiza kwa upole.

"Si pesa zilizonileta. Nataka kujua kama ni ndugu yangu aliyeziiba."

Akamsimulia. Baba yao, Mzee Sulemani, alikuwa mkulima wa miwa, na katika msikiti wao ndiye aliyekuwa akiitwa kupatanisha waliokosana. Tangu ujanani alikuwa na nia ya kwenda Hija na mkewe, Bi Aminah. Miwa haikumpa nafasi hiyo. Alipofikisha miaka sabini aliuza nusu ekari iliyokuwa kando ya barabara. Hakutaka kuziweka fedha hizo mahali penye riba, wala hakutaka shilingi zizidi kushuka thamani huku akingoja zamu yake ya safari. Mwanawe wa mwisho, Mubarak, ndiye aliyemwambia kwamba kuna sarafu za mtandaoni zinazofuata thamani ya dola. Unaziweka katika pochi ndani ya simu, na zinakaa tu, hazizai. Mubarak akamfungulia pochi hiyo. Akamwandikia kwenye karatasi maneno kumi na mawili ya siri, ambayo ndiyo ufunguo wake, akamwambia asimwonyeshe mtu.

Haikupita muda, pochi ikakutwa tupu.

"Baba wadogo wakaitwa," Zeituni akasema. "Wakauliza, nani alijua hayo maneno? Ni Mubarak na Baba peke yao. Mubarak akaapa kwa Msahafu. Lakini alikuwa amenunua simu mpya mwezi uo huo, na wao wakaona hiyo simu ndiyo ushahidi. Baba akasema mbele ya watu kwamba hana mtoto wa jina hilo. Mubarak akachukua begi, akatoka. Ramadhani ikaingia, Idi ikapita, hakuja. Mama hata jina lake hataji, anaogopa."

"Kompyuta haijui majina ya watu," Pascalia akamwambia. "Inaonyesha anwani tu, herufi na tarakimu. Naweza kufika mwisho wa njia na bado nisijue kama ni yeye."

"Jaribu tu, dada."

Akajaribu. Sarafu za Mzee Sulemani zilikuwa kwenye mnyororo mmoja wa kripto, yaani daftari la wazi la mtandaoni, na kila kinachofanyika kwenye mnyororo huo huonekana na yeyote anayejua kutazama. Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi. Sarafu zilitoka zote kwa mkupuo, zikaingia kwenye anwani iliyofunguliwa siku ile ile, na punde zikavuka daraja.

Daraja, katika kazi hii, ni huduma inayozifungia sarafu zako kwenye mnyororo mmoja na kukupa nyingine za thamani ile ile kwenye mnyororo mwingine kabisa. Mnyororo wa kwanza unaonyesha kwamba zimeingia darajani, basi. Wa pili haujui zimetoka wapi. Wezi hupapenda hapo kwa sababu anayewafuata hukuta njia imekatika. Pascalia alihamia kwenye mnyororo wa pili na kutafuta, kati ya malipo mengi yaliyotoka darajani muda mfupi baadaye, lile ambalo kiasi chake kililingana na fedha za mzee ukitoa ada ya kuvukia. Alipata mawili. Akayafuata yote mawili mpaka moja likamfikisha kwa mtu aliyekuwa akihamisha vijisarafu vyake mwenyewe huku na huku, mtu asiye na hatia. Likabaki moja.

Hilo likabadilishwa kuwa sarafu za aina nyingine, likakatwa vipande, na vipande vikavushwa tena hadi mnyororo wa tatu, ambako vilichanganywa na fedha za watu wengine. Mvua ilikuwa ikikata umeme kila alasiri. Pascalia alikuwa akirudia hesabu ile ile asubuhi baada ya asubuhi, binti yake akiwa shuleni. Vipande vingine vilimpotea, naye akaandika wazi kwamba vimempotea, kubahatisha hakutaka. Vile alivyoweza kuvithibitisha vilikusanyika kwenye anwani moja, na kutoka hapo vikaingia kwenye soko kubwa la kubadilishia sarafu. Hapo njia ya wazi inaishia. Soko ndilo linalojua jina la mwenye akaunti, na haliwezi kulitaja mpaka polisi waandike barua.

Lakini ile anwani ya kukusanyia ilimfanya aondoe mikono kwenye kibodi. Aliijua. Alikuwa ameibandika alama ya matapeli yeye mwenyewe, wakati bado ana kibarua. Fedha zilikuwa zikimiminika hapo kutoka nchi nyingi, muda mrefu kabla Mubarak hajamfungulia baba yake pochi.

Akamwita Zeituni.

"Ni genge," akamweleza. "Lilikuwa likiwaibia watu hata kabla mzee hajauza shamba."

Zeituni akajishika kifua. "Alhamdulillahi. Basi si yeye."

"Ngoja, dada. Sijasema hivyo. Hawa hawawezi kutoa sarafu bila yale maneno kumi na mawili. Kuna aliyewapa. Anaweza kuwa aliyauza, anaweza kuwa alidanganywa. Mimi nimefuata pesa tangu zilipotoka. Yaliyotangulia yako ndani ya simu ya mzee. Iko wapi?"

"Baba ameifungia kwenye kabati. Siku hizi anatumianga ile ndogo ya vitufe."

"Na Mubarak yuko wapi? Ningemuuliza na yeye."

"Yuko Malinya. Wanasema anaingianga mashimo ya dhahabu."

Pascalia alipajua. Malinya kulikuwa kwao. Baba yake alifukiwa na udongo katika shimo la namna hiyo, katika msimu wa mvua kama huo, yeye akiwa darasa la sita, na wanaume wa kijiji walichimba hadi siku ya pili ndipo wakamtoa. Alitazama dirishani, maji yakitiririka kwenye mabati ya duka la jirani.

Hakuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa watu waliomletea kazi. Aliona afadhali asijue sana mambo yao.

"Kesho nitakuja Ekero," akasema.

Mzee Sulemani alimpokea sebuleni, amevaa kanzu na kofia, mrefu, mgongo haujapinda. Bi Aminah alikuwa amepika ingokho na obusuma, kuku na ugali, kwa heshima ya mgeni. Chakula kililetwa mezani kikafunikwa.

"Binti yangu ameniambia wewe ni fundi wa mambo haya," mzee akasema. "Karibu. Lakini jambo hili sisi tulishalimaliza."

"Nashukuru, mzee. Sikuja kumhukumu mtu. Naomba kuitazama ile simu. Nisipoona kitu nitaaga, na sitarudi kukusumbua."

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa ufunguo. Kumbe alikuwa akitembea nao. Akampa Zeituni bila kumtazama.

Simu ilichukua muda kupata chaji. Ilipowaka, Pascalia alifungua mahali pa ujumbe na kushuka polepole hadi siku ile ambayo sarafu zilitoka. Akamkuta mtu aliyejiita Huduma kwa Wateja, mwenye picha ya nembo ya pochi. Mtu huyo alikuwa amefuta kila alichoandika. Upande wake wote yalibaki maneno yale yale, ukurasa mzima: ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa. Lakini majibu ya upande wa pili hakuweza kuyafuta, na yalikuwepo. Sawa. Nimeona. Nisaidie, mimi si mtaalamu wa haya mambo. Kisha maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yamenakiliwa moja moja, moja limekosewa na kuandikwa upya. Chini yake, ujumbe wa mwisho:

Asante sana mwanangu. Mungu akubariki.

Pascalia alilinganisha saa ya ujumbe huo na saa ambayo sarafu zilitoka. Ujumbe ulitumwa kabla ya sala ya alasiri, na sarafu zikatoka kabla watu hawajarudi kutoka sala hiyo.

Hakuyasoma kwa sauti. Aliiweka simu mezani mbele ya mzee. Mzee Sulemani akavaa miwani, akaishika kwa mikono miwili, akasoma. Zeituni alisimama nyuma yake, naye akasoma.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "huyu unayemwita mwanangu ni nani?"

"Alipiga simu," mzee akasema. "Alisema pochi itafungwa nisipoithibitisha. Kijana mwenye adabu. Alinisalimia kwa salamu zetu."

"Na hukutuambia."

"Sikudhani ni kitu."

"Baadaye, Baba? Mubarak alipokuwa anaapa hapa, ameweka mkono juu ya Msahafu?"

Mzee alivua miwani. Akaikunja, akaiweka mezani.

"Siku hiyo ndiyo nilianza kuogopa kwamba ni huyu wa kwenye simu," akasema. "Ndiyo maana sikuifungua simu tena."

Bi Aminah alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alishuka taratibu akakaa sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kutoka safari.

"Mubarak yuko shimoni," akasema. Tangu mwanawe afukuzwe, hilo jina halikuwa limesikika ndani ya nyumba ile. "Mvua yote hii inanyesha, na mtoto wangu yuko shimoni."

Hakuna aliyekifunua chakula. Mzee Sulemani aliinuka akaomba viatu vyake.

Walikwenda kwa gari la jirani aliyekuwa akipeleka mbolea Ikolomani, upande wa Malinya, mzee na Zeituni, na Pascalia wa kuonyesha njia. Bi Aminah alibaki kwenye mkeka wake wa kusalia. Mashimo yalikuwa nyuma ya migomba, katikati ya vishamba vya mahindi, midomo yake imezungushiwa magogo, kila moja na roda yake na kamba. Msimamizi wa shimo, mwanamume aliyeitwa Cornelius, aliwatazama wanavyokuja, akaitazama na kanzu ya mzee iliyokuwa imeloa tope pindoni.

"Mubarak yuko chini," akasema. "Zamu yao haijaisha."

"Mwite," mzee akasema. "Tafadhali. Mwambie ni baba yake."

Cornelius akavuta kamba. Muda kidogo ikajibu kwa kutikisika, na wanaume wawili wakaanza kuzungusha roda. Aliyetoka alikuwa amepakwa udongo kuanzia nywele hadi nyayo, na mzee alimtazama kana kwamba anangoja mwingine atoke nyuma yake.

"Assalamu alaikum, Baba," yule kijana akasema.

"Wa alaikumu salaam." Mzee alisogea hatua moja. Wachimbaji walikuwa wametulia. "Mubarak, nilikusingizia. Yale maneno niliyatoa mimi, kwa kidole changu hiki, nikampa mwizi kwenye simu. Nikakufukuza wewe. Nasema mbele ya hawa wenzako kwa sababu na yale mengine niliyasema mbele ya watu."

Mubarak alijipangusa uso kwa mkono, tope likazidi kuenea.

"Uliniambia niape, nikaapa."

"Uliapa."

"Hukuniamini mimi, Baba. Ukamwamini mtu wa kwenye simu."

Zeituni alianza kusema kitu, Pascalia akamshika mkono.

Mubarak aligeuka akatazama mdomo wa shimo. "Mwenzangu yuko chini peke yake," akasema. "Siwezi kumwacha hivyo." Akashika kamba, akaweka mguu kwenye kitanzi, na wale wanaume wakamshusha tena.

Mzee Sulemani alikaa juu ya lundo la mawe. Cornelius alimletea gunia kavu la kukalia, akashukuru, akalipokea, akaliweka kando. Kila kamba ilipotikisika alishtuka. Pascalia hakuwa amesimama kando ya shimo tangu siku waliyomtoa baba yake, lakini aliona hawezi kumwacha mzee yule na kamba asiyoielewa. Akaenda akachuchumaa karibu naye.

"Ikivutwa mara moja hivyo, mzee, wanapandisha ndoo tu," akamwambia. "Hiyo ni ndoo." Na baadaye: "Hiyo pia ni ndoo." Na mwishowe: "Sasa wanapanda wenyewe."

Mubarak aliondoka Malinya siku hiyo, lakini hakurudi kulala nyumbani. Alipanga chumba Mumias, akaanza kutengeneza simu za watu. Mzee Sulemani aliwaita tena wadogo zake, wale wale, akawakalisha mahali pale pale, akawaambia yaliyokuwa kweli. Mmoja wao aliuliza kama haya yote yalikuwa na haja ya kusemwa hadharani. Mzee akamjibu kwamba yeye ndiye aliyeanza kusema hadharani. Msikitini alipoitwa kupatanisha watu waliogombania mpaka, aliomba radhi, akasema watafute mwingine kwa sasa.

Ijumaa Mubarak huja. Huswali na baba yake, hula kwa mama yake, huzungumza na Zeituni kuhusu kazi. Kwa baba yake husema yanayohitaji kusemwa. Jioni huondoka. Bi Aminah humsindikiza hadi barabarani, na hajamwambia hata mara moja alale.

Kuhusu fedha, Pascalia aliandika taarifa yake kurasa kadhaa, na Zeituni akaipeleka kwa polisi. Barua ziliandikwa. Baada ya miezi soko lile lilijibu kwamba akaunti moja bado ilikuwa na kiasi ndani yake, na wameizuia. Fedha nyingine zilishatolewa zamani. Kesi inaendelea. Kilichozuiwa hakitoshi safari ya mtu mmoja, na kinadaiwa na watu wengi.

Mwezi wa tisa Mzee Sulemani alikuja Amalemba mwenyewe, bila kumwambia Zeituni. Alibisha hodi, akasalimia, akakaa.

"Nataka kuiona hiyo njia," akasema. "Nimesikia tu ikisimuliwa."

Pascalia akamgeuzia kompyuta. Alimwonyesha pochi yake ilipokuwa, daraja la kwanza, vipande, daraja la pili, kila mahali akimpa muda wa kutazama. Mzee alifuata kwa kidole bila kugusa kioo. Walipofika kwenye ile anwani ya kukusanyia, mistari iliingia kutoka kila upande, mingi hata skrini haikuionyesha yote.

"Huu ni wangu," mzee akasema, akiuonyesha mmoja.

"Huo ni wako."

"Na hii mingine?"

"Watu wengine, mzee. Walioibiwa kama wewe."

Aliitazama mistari hiyo kwa muda mrefu. Nje, mtu alikuwa akibishana na mwenye duka kuhusu dawa ya kupe.

"Na hawa," mzee akauliza, "nyumbani kwao walimshuku nani?"

Pascalia akamwambia hajui. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama kidogo, kisha akaichukua kofia yake magotini, akaivaa, akaaga.